Mama Mtu Hakuitwa

Mimi naosha maiti. Naosha wanawake, tangu Kisauni hii ikiwa na minazi mingi kuliko watu. Kazi niliirithi kwa mama yangu, na kama kuna jambo linalonipandisha hasira katika kazi hii, ni watu wanaoficha msiba. Nimewahi kuweka kata ya maji chini katikati ya kuosha, nikauliza: mama mtu yuko wapi? Hamjamwambia? Basi siendelei. Mwiteni aje ammwagie mwanawe maji, ni haki yake. Walininunia, wakanisema, lakini walimwita. Nina ulimi, najijua.

Sasa sikilizeni niliyoyafanya mimi mwenyewe.

Nina ndugu yangu wa kike, Kulthum, mdogo wangu kwa miaka sita. Tunaishi nyumba moja, wajane wawili. Kulthum ana ugonjwa wa viungo, ule wa mwili kujigeukia wenyewe. Vidole vinamvimba, magoti yanawaka moto, asubuhi hawezi kufumba mkono. Mumewe alipofariki miaka minne iliyopita, maradhi yalimshukia vibaya sana. Eda nzima, miezi minne na siku kumi, hakuweza kushika kijiko. Nilimlisha mimi. Nilimwogesha mimi, nilimpeleka chooni mimi, na usiku nilimsikia akiuma mto ili nisimsikie. Wallahi nilimwomba Mungu asinionyeshe tena siku zile.

Dawa mpya zilimsaidia. Mwaka huu akaanza kufunga vifungo vyake mwenyewe. Mwezi wa pili tulipokwenda kliniki, nilimwuliza Daktari Anwar, kijana wa hapahapa mtaani, namjua tangu akipita mlangoni kwangu na begi la madrasa: kwa nini msiba ulimvimbisha ndugu yangu viungo? Msiba ni wa moyo, goti linahusika vipi?

Akachukua karatasi akanichorea mtu. "Bi Asmaa, mwili ukiumia huwasha moto mahali palipoumia. Joto lile na uvimbe ule ndio unaoponya. Lakini moto ukishafanya kazi yake lazima uzimwe, na mmoja wa wazimaji ni neva." Akachora mstari kutoka chini ya ubongo, ukashuka pembeni mwa shingo, ukapita kwenye moyo hadi tumboni. "Neva hii ina kazi mbili. Inasikiliza kama uvimbe umezidi, inapeleka habari kichwani. Na kichwa kinarudisha jibu kwa njia hiyohiyo: basi, imetosha. Amri ile inafika mpaka kwenye bandama, na chembe zilizoko kule zinapunguza kumwaga yale maji makali yanayochochea uvimbe."

Nikamwambia, "Subhanallah! Miili yote niliyoiosha, na mimi sijui kuna kamba ya namna hiyo ndani."

Akacheka. Akasema wako wagonjwa nchi za nje waliotiwa kifaa kidogo shingoni cha kuiamsha neva ile kwa umeme, na baadhi yao wakapata nafuu. Akasema mtu anayeishi na hofu na dhiki siku nenda siku rudi, inaelekea neva yake hulegea. Kwa hivyo Kulthum alale vizuri, apumue polepole, asibebeshwe mawazo. Mwisho akasema dawa ndiyo nguzo, asiiache hata siku moja.

Mimi nilichukua yale ya mwanzo. Hili la mwisho la dawa nililisikia kwa sikio moja.

Jamani, niligeuka kero. Mtu akija kwetu na umbea wa ndoa iliyovunjika, namtoa mlangoni: neva ya ndugu yangu imeamka, usiilegeze. Redio ikisoma habari za ajali, naizima. Kafedha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, Mgiriama mwenye maneno, akanibandika jina: askari wa neva. Kulthum mwenyewe alikuwa akinicheka mpaka machozi yakamtoka. "Da Asmaa, hata kucheka sasa wanikataza?"

"Cheka polepole," nikamwambia.

Na vidole vilizidi kulainika. Nikaona nimefanya kazi kubwa.

Kulthum ana mtoto mmoja tu, Hanan, aliyeolewa Magongo na kijana aitwaye Mahfudh. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa na pumu tangu mdogo. Kila asubuhi, baada ya chai, lazima ampigie mamake simu, wazungumze upuuzi wao, nani kapika nini, paka wa nani kazaa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo, jua ndiyo kwanza linatoka. Simu ikalia, Mahfudh. Nikajua kwa jinsi alivyoniita mama, akanyamaza. Pumu ilimbana Hanan baada ya sala ya alfajiri. Kabla hawajafika hospitali alikuwa ameshakata roho, ndani ya gari, kichwa kikiwa begani mwa mumewe.

Sikulia. Nilitazama dirishani. Kulthum alikuwa jikoni anakanda unga wa mahamri. Kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi, anakanda mwenyewe, mikono imezama, anaimba kaswida chinichini. Alitaka Hanan apelekewe mahamri ya moto.

Nilimwona tena alivyokuwa kwenye ile eda. Nikaona kijiko, mto, choo. Nikaona ile karatasi ya daktari na ule mstari wa shingoni, nikajisemea: habari hii itaukata. Maradhi yatampanda mara hii mpaka moyoni, nitazika wawili. Nikaamua palepale, na nguo mbichi mkononi. Mazishi yangekuwa baada ya sala ya alasiri. Nitakwenda, nitamwosha mtoto wetu, azikwe, kisha nimwite daktari aje akae karibu, ndipo nimwambie Kulthum pole pole.

Niliingia jikoni nikamwambia nimeitwa kuosha, Changamwe.

"Nani amefariki?"

"Binti wa watu. Kijana."

Akasimama, unga umemjaa mpaka kwenye viwiko. "Masikini mamake! Mpe pole yangu, dada. Mwambie nimeumia."

Nikasema nitamwambia. Nikachukua simu yake juu ya kabati, nikasema yake ina chaji, yangu imekufa, naazima. Na Hanan akinipigia je? akauliza. Mtandao wa kule leo mbovu, nikasema, ameniandikia mwenyewe kabla simu yangu haijazima. Uongo ulikuwa unatoka wenyewe, mmoja unauvuta mwingine.

Nikapita kwa Kafedha. Nilimwambia ukweli, nikamwomba akae na Kulthum asitoke, na mtu yeyote asiingie. Nilikuwa nimeshampigia imamu wa msikiti wetu asitangaze kwenye kipaza sauti, tangazo la Magongo linatosha. Kafedha alishika mdomo. Alilia kwanza, kisha akasema, "Bi Asmaa, mamangu, hili silo. Mama hamalizi kuzaa akanyimwa kuzika."

"Wewe hukumlisha miezi minne," nikamwambia. "Mimi ndimi niliyemlisha."

Alijifunga leso, akaenda kukaa na Kulthum.

Magongo nilikuta watu wamejaa uani, viti vya kukodi vimepangwa chini ya turubai. Kaka yetu Idarus alikuwa ameshafika na mkewe Wardah. Neno la kwanza aliloniuliza, "Kulthum yuko kwenye gari?"

Nikamvuta pembeni, nikamweleza. Neva, bandama, uvimbe, yote nikayamwaga. Idarus ni mtu wa kuuza vitambaa, hayo hayajui, na hajawahi kushindana nami tangu utotoni. Akasugua kipara, akasema, "Wewe ndiwe unayekaa naye. Wewe ndiwe unayejua."

Mahfudh hakukubali upesi. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, macho yamevimba. "Mama, nipeni gari niende nikamlete mama Kulthum. Saa moja tu, nitarudi. Tunaweza kusogeza mpaka kabla ya magharibi. Nitamwambia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na Hanan, nitamwambia mimi."

"Ukimletea maradhi utakaa wewe ukamlishe?"

"Nitakaa, mama. Wallahi nitakaa."

Nikamkatiza. Nilimwambia, haya mambo daktari ameyasema, mimi sisemi kwa kichwa changu. Ala! Lile neno daktari lilimnyamazisha. Aliinuka akaenda kusimama kwenye ukuta, na wanaume wenzake wakamzunguka.

Ndani tulikuwa wanawake watano. Tulitandika, tukatundika shuka, tukamlaza. Mmoja wao, bibi mzima ambaye nimeosha naye zaidi ya mara kumi, akashika kata, akanitazama. "Mama mtu tunamngoja?"

"Mgonjwa," nikasema. "Hatakuja."

"Amejua?"

Nilivuta ndoo karibu. Yule bibi alikuwa ananijua. Alikuwepo siku moja kule Mishomoroni nilipoweka kata chini na kukataa kazi kwa sababu hiyohiyo. Alinitazama, kisha akateremsha macho, akampa Wardah ile kata.

Wardah alimimina, mimi nikaosha. Nilianza kama ninavyoanza kwa wote, upande wa kulia. Nilipofika shingoni mkono ulisita. Pale pembeni, chini ya sikio, ndipo daktari alipopitisha mstari wake. Nilipapasa polepole. Ngozi ilikuwa laini, bado ina joto kidogo la chumbani, na chini yake kila kitu kimenyamaza. Nikalia hapo. Nililia kwa sauti, mimi ambaye huwakataza wenzangu wasilie juu ya maiti. Nikasema, Hanan, mwanangu, nisamehe, nafanya hivi kwa ajili ya mamako. Wardah akaacha kumimina akanishika bega. Nikamaliza. Nywele nilizisuka mafungu matatu nikazilaza nyuma.

Tulipokwisha kumvika sanda tukauacha uso wazi, watu wake wamuage. Mahfudh aliingia, akainama, akakaa pale muda mrefu. Alipoinuka alikuwa ameshika simu. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Basi hata picha, mama. Moja tu. Ili mamake siku moja amwone."

"Maiti hapigwi picha mbele yangu," nikasema. "Weka simu."

Aliiweka mfukoni. Nikafunika uso wa Hanan kwa mkono wangu mwenyewe, wanaume wakaingia wakambeba. Baada ya sala ya alasiri akazikwa. Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hivyo kuona kwetu kunaishia pale mlangoni. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote.

Nilimpigia Daktari Anwar nikiwa njiani kurudi. Nilimwambia tuna msiba, Hanan, na namwomba aje nyumbani akae nami nikimwambia Kulthum. Akasema inna lillahi, akasema anakuja sasa hivi. Jua lilikuwa linatua alipofika. Nilimngoja nje ya uchochoro. Alikuwa na mkoba wake mkononi, uso umemshuka.

"Mazishi ni saa ngapi kesho?" akaniuliza. "Naweza kumsindikiza Bi Kulthum. Nitakaa naye nyuma ya gari, nimepanga na wenzangu kliniki."

"Yameshakwisha," nikasema.

Hakunielewa. Nikarudia.

"Ameshazikwa? Na mamake hajui?"

"Wewe si ndiye uliyesema asipate mawazo? Wewe si ndiye uliyenichorea?"

Alishusha mkoba chini kwenye mchanga. "Bi Asmaa," akasema, "nilisema neva ile ni breki moja. Ziko nyingine, na dawa zake zipo, na zinafanya kazi. Nilisema dhiki ya kila siku, ya miaka. Sikusema afichwe. Huzuni si sumu. Ungenipigia asubuhi ningekwenda naye mwenyewe. Na hata maradhi yangempanda, tungeyatibu. Yale tunaweza kuyatibu."

Nikamwuliza, na hili, haliwezi kutibiwa?

Aliokota mkoba wake, tukaingia ndani.

Kulthum alikuwa sebuleni na Kafedha. Sahani ya mahamri ilikuwa mezani, imefunikwa kawa. Kafedha alipomwona daktari aliinuka, akasimama nyuma ya kiti cha Kulthum, akamwekea mikono mabegani. Kulthum alinitazama mimi, akamtazama daktari, akatazama tena mimi.

"Kuna nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yakanitoka. Nikasema, "Kulthum, Hanan amefariki. Pumu. Leo alfajiri."

Daktari alipiga goti mbele yake, akamshika mkono, akamwambia apumue. Alipumua mara moja, mara mbili. Kisha akauvuta mkono wake akaanza kuinuka. Alikuwa anatafuta buibui yake kwa macho. "Twendeni," akasema. "Mbona mmekaa? Atazikwa kesho asubuhi, lazima nifike leo. Da Asmaa, njoo, nisaidie."

Ilibidi nimwambie. Nilisema ameshazikwa. Nilisema baada ya alasiri.

Alirudi akakaa. Nilitamani anipige. Laiti angenitukana, angenirushia ile sahani! Alikaa tu, mikono juu ya mapaja. Baadaye akauliza, "Ulimwosha wewe?"

"Mimi."

"Nani alimmwagia maji?"

"Wardah."

"Nywele ulimsuka?"

"Mafungu matatu."

"Hukumvuta? Hapendi kuvutwa."

"Sikumvuta, Kulthum. Wallahi sikumvuta."

"Alikuwa vipi usoni?"

Nikamwambia alikuwa kama aliyelala. Hayo huwaambia watu wote, na siku ile nikayasikia jinsi yasivyo na maana. Akauliza kama kuna picha. Nikasema hakuna. Akauliza kwa nini hakuna, na watu siku hizi hawana wasilolipiga picha. Nikasema nilikataza mimi. Kafedha akageuza uso ukutani.

Ndipo alipolia, na alilia kwenye tumbo la Kafedha. Nilisogea nimshike, akaninyooshea kiganja: hapo hapo ulipo. Nilisimama hapo hapo nilipo.

Matanga yalipita. Mahfudh alikuja kila siku kukaa naye, akamsimulia yote, ile safari ya gari, maneno aliyoyasema Hanan, hata nguo aliyovaa. Kulthum alimwuliza na kumwuliza tena. Mimi nilipika, nilifua, niliweka dawa zake mezani kwa wakati wake, na kila asubuhi niliitazama mikono yake kwa kuibia. Nilikuwa naungoja ule uvimbe. Mungu anisamehe, kuna siku niliutaka. Ukija, nitamwambia: umeona? Hiki ndicho nilichokiogopa, na hivi ndivyo ungekuwa siku ile mbele ya watu.

Wiki ya tatu tulikwenda kliniki. Safari ile alikubali nimsindikize kwa sababu Mahfudh alikuwa kazini. Daktari alimkunja vidole kimoja kimoja, akamwinamisha goti, akatazama karatasi ya vipimo vya damu. Akaitazama mara ya pili. Akasema kipimo cha uvimbe hakikupanda. Kimeshuka kidogo, tena.

"Si kwa sababu hakumwona Hanan?" nikauliza haraka. "Si kwa sababu alipata habari polepole?"

"Hatuwezi kujua, Bi Asmaa," akasema. Alikuwa mpole, na upole wake uliniuma zaidi. "Amelia wiki tatu, hajala vizuri, hajalala vizuri. Mwili umevumilia. Naona dawa zimemshika."

Kulthum hakuwa anatusikiliza. Alikuwa ameweka mikono yake mezani mbele ya daktari. Alifumba, akafumbua. Alifumba tena, akakaza mpaka vifundo vikawa vyeupe, akafumbua. Hapakuwa na maumivu usoni mwake.

Kisha akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama machoni tangu siku ile.

"Kumbe ningeweza," akasema. "Ningeweza kumwosha mwanangu."

Daktari alikunja karatasi akaiweka kwenye faili, na muuguzi akamwita mgonjwa mwingine.